Baiskeli ya Umeme Haikuzaliwa Kiwandani

Mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yangu, nilikaa saa mbili nikimtazama fundi baiskeli wa mtaani akisuka ringi. Mota ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu, nacho kilikuwa kipana hata spoki za zamani zikawa ndefu kupita kiasi. Alipopata fupi alikaza upande mmoja mno, gurudumu likayumba kama mlevi. Akalegeza zote, akaanza upya. Mwanafunzi wangu aliyekuja kuchukua tasnifu yake akauliza: “Dokta, hii si kazi ya viwanda?”

Historia inasema hapana. Aprili 1881, jijini Paris, Gustave Trouvé aliendesha barabarani baiskeli ya magurudumu matatu iliyosukumwa kwa umeme. Hakuiunda yote: ilikuwa imetengenezwa Uingereza, yeye akaifunga mota na betri za risasi na asidi, uvumbuzi wa Mfaransa mwenzake Gaston Planté wa mwaka 1859. Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya Marekani namba 552,271 kwa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Betri yake ilikuwa ya volti 10, na mota iliweza kuvuta hadi ampea 100. Mota aliyoifunga fundi wangu ni kitukuu cha wazo hilo.

Kilichochelewesha safari kwa karne nzima ni uzito wa risasi. Betri ya lithiamu ilipoingia sokoni mwaka 1991, hesabu ilibadilika: seli 13 zilizoungwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, hutoa takriban volti 48.

Hapa ndipo niliposita. Seli haziungwi kwa risasi na pasi ya moto, kwani joto likikawia huziharibu. Ukanda wa nikeli hubanwa juu ya seli, kisha mkondo mkubwa hupitishwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, metali ikashikana kwenye nukta. Nukta ikiwa dhaifu, ukinzani huongezeka na joto huzaliwa humo humo kila uongezapo mwendo. Kijana wa umeme aliniletea seli 52 zilizotolewa katika kompyuta mpakato kuukuu, akaapa kuwa zote ni nzima. Tulizipima, tatu hazikushika chaji. Nilizikataa zote, nikanunua mpya pamoja na saketi ya ulinzi, na nikalipa zaidi ya nilivyomwambia mke wangu.

Hofu hii si yangu peke yangu. Mwaka 2023, mwaka ambao moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 jijini New York, jiji hilo lilipiga marufuku kuunda betri kwa seli zilizokwisha kutumika. Uchina ilitangulia na swali jingine: chombo hiki ni kitu gani? Sheria yake ya usalama barabarani, iliyoanza kutumika Mei 2004, iliihesabu baiskeli ya umeme miongoni mwa vyombo visivyo vya moto. Neno hilo moja la kisheria liliwafungulia njia wafanyakazi kwa mamilioni, huku miji mingi ikizibana pikipiki za petroli.

Sisi tumo katika historia hii, ila tumewekwa mlango wa nyuma. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, mingi ikitoka pande za Kolwezi, ambako mchimbaji na mnunuzi hupatana bei kwa Kiswahili. Sehemu yake hupita bandari ya Dar es Salaam kwenda Asia, kisha hurudi mtaani kwetu ndani ya seli chakavu ya kompyuta ya mtu mwingine.

Baiskeli sasa inatembea. Naichaji uani, juu ya saruji, mbali na mlango. Wiki iliyopita askari wa barabarani alinisimamisha: “Mzee, hii ni baiskeli au pikipiki?” Nikamwonyesha pedali. Alicheka, akanipisha, naye akabaki akiitazama mota.