Matibabu ya ADHD kwa Watoto (Lodwar na Kakuma)

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, asahau haraka na atende kwa pupa kupita rika lake. Katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, hospitali ya rufaa iko Lodwar. Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi, ina kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992.

Uchunguzi. Dalili zinazofanana huletwa na kifafa, uziwi, njaa, kukosa usingizi au kiwewe cha vita, hivyo mtoto hupimwa haya kwanza.

Dawa. Methilifenideti, dawa inayotumika kutibu ADHD, hudhibitiwa kisheria. Shirika la Afya Duniani huielekeza kwa watoto wa miaka 6 na zaidi, chini ya usimamizi wa mtaalamu, endapo njia nyingine hazikutosha. Mwaka 2019 na 2021 lilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kwa kuwa dawa hii hupunguza hamu ya kula, uzito na urefu hupimwa mara kwa mara, jambo zito penye ukame na utapiamlo.

Njia nyingine. Mafunzo kwa wazazi na walimu hutangulia: agizo moja kwa wakati mmoja, kiti cha mbele, sifa papo hapo. Mafuta ya samaki yana ushahidi hafifu. Waturkana humwendea pia emuron, mganga na mtabiri, kuhusu maradhi. Ufanisi wa mitishamba kwa ADHD haujathibitishwa. Viboko haviponyi.