Otto Pfister na Bei ya Nidhamu ya Kijerumani

Kwa zaidi ya nusu karne, mashirikisho ya soka ya Afrika yamekuwa yakinunua nidhamu ya Kijerumani, tena kwa bei ghali. Ukitafuta mtu aliyeibeba sifa hiyo muda mrefu kuliko wengi, utamkuta Otto Pfister, mzaliwa wa Cologne mwaka 1937. Alianza na timu ya taifa ya Rwanda mwaka 1972, akahamia Burkina Faso ilipokuwa ingali ikiitwa Volta ya Juu, kisha Senegal, Ivory Coast na Zaire. Lakini wasifu wake hauithibitishi sifa hiyo. Mtu alikuwa yule yule kila alikokwenda. Yaliyobadilika ni muda aliopewa na kazi aliyoikuta imekwisha kufanywa na wengine.

Ghana ndiko hoja hii inakopimika vizuri. Mwaka 1991 aliwaongoza vijana wa chini ya miaka 17 kutwaa ubingwa wa dunia nchini Italia. Nii Lamptey alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na kikosini alikuwamo Samuel Kuffour, ambaye miaka kumi baadaye angetwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Bayern Munich. Mwaka 1992 timu ya wakubwa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Dakar bila Abedi Pele, aliyefungiwa kwa kadi, ikashindwa kwa mikwaju ya penalti 11 kwa 10. Walioishinda ni Ivory Coast, waajiri wake wa zamani. Aliyapata hayo katika nchi aliyodumu nayo kwa miaka kadhaa, vijana na wakubwa wakiwa karibu naye.

Hata hapo hatuna budi kuuliza aliikuta nini. Ghana ilikuwa imekwisha kutwaa kombe hilo mara nne, na mara zote chini ya Waghana: C. K. Gyamfi mwaka 1963, 1965 na 1982, Fred Osam Duodu mwaka 1978. Pfister hakulima shamba jipya. Kamerun vivyo hivyo: aliajiriwa mwishoni mwa 2007, na mwanzoni mwa 2008 alikuwa fainali mjini Accra, akafungwa na Misri 1-0. Anayetaka kuiita miezi hiyo michache miujiza ya kocha aeleze kwanza Samuel Eto'o na Rigobert Song walitoka wapi.

Wanaoajiri wanayajua haya, ndiyo maana huwabadilisha makocha bila kusita. Pfister aliifikisha Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia la 1998, lakini aliyekaa kwenye benchi kule Ufaransa ni Carlos Alberto Parreira, naye akafutwa kazi baada ya mechi mbili tu. Mwaka 2006 zamu ikageuka. Stephen Keshi, Mnaijeria, aliifuzisha Togo kwa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake, akaondolewa, na kiti akapewa Pfister. Nidhamu aliyoletwa kuifundisha haikuwa na la kufanya mbele ya wachezaji waliokuwa wakidai posho zao. Mwenyewe alijiuzulu siku chache kabla ya mechi ya kwanza, akarudi kabla haijachezwa. Togo ikapoteza mechi zote tatu, ya mwisho dhidi ya Ufaransa mjini Cologne, nyumbani kwake. Sioni haki ya kumlaumu yeye peke yake: fujo ile ilianzia kwenye hesabu za shirikisho, na hesabu hazifundishwi uwanjani.

Keshi hakuhitaji kutetewa. Mwaka 2013 nchini Afrika Kusini aliipa Nigeria Kombe la Mataifa ya Afrika, taji ambalo Pfister alifika fainali yake mara mbili bila kulibeba. Miaka minne baadaye, Afghanistan ilimwajiri Pfister akiwa na umri wa miaka 79.