Land Rover ya Turubai na Barabara ya Tunduma

Gwaride la kitaifa linapofanyika, Rais huzunguka uwanja akiwa amesimama kwenye gari la wazi, akiwapungia wananchi mkono. Kwa Watanzania wengi, gari lisilo na paa ni hilo. Mkoani Songwe, hasa kwa wazee wanaokumbuka barabara kuu ilipokuwa ya vumbi, gari la wazi lina sura nyingine kabisa: Land Rover ya turubai, mlango mmoja umefungwa kwa waya, nyuma mabenchi mawili yanayotazamana, katikati magunia ya kahawa na juu ya magunia abiria. Lilinunuliwa kwa ajili ya kazi, na aliyelinunua mara nyingi alikuwa mtu wa tatu au wa nne kulimiliki.

Leo magari hayo bado yapo, moja hapa, jingine kule, yamesimama chini ya miparachichi ya Mbozi au nyuma ya gereji za Vwawa na Mlowo. Yameshika kutu, lakini ukiyapa betri na petroli, baadhi yanawaka na kuondoka. Anayetaka kununua moja afahamu kwanza lilifikaje huko, maana historia ya gari hilo na historia ya barabara ya Tunduma ni kitu kimoja.

Barabara yenyewe ilitangulia magari. Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha ili ijengwe njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya njia hiyo haikujengwa kama ilivyokusudiwa, lakini jina la Barabara ya Stevenson liliingia kwenye ramani. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1890, mstari ulipita kaskazini ya njia hiyo ili ibaki upande wa Waingereza. Ndiyo sababu mpaka uko pale Tunduma ulipo, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili za mstari ambao hawakuulizwa habari zake.

Magari ya mwanzo yaliyoingia sehemu hizi za Afrika yalikuwa ya wazi kwa sababu magari mengi duniani yalikuwa hivyo. Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam Agosti 1907 kwenda Swakopmund, safari iliyomchukua hadi Mei 1909, alikuwa kwenye gari la wazi. Ford aina ya T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, iliuzwa zaidi ikiwa na turubai la kukunja. Gari la kufunikwa kwa bati na vioo pande zote lilikuwa ghali, na lilianza kuwa jambo la kawaida huko Marekani katikati ya miaka ya 1920 tu. Kwa hiyo aliyekuwa na gari katika Tanganyika ya wakati ule alinyeshewa mvua na kula vumbi kama abiria wake.

Miaka ya 1920 na 1930 ndiyo iliyoleta injini kwa wingi kwenye nyanda za juu. Dhahabu ya Lupa iliwavuta wachimbaji, na mji wa Mbeya ukakua kwa sababu yake. Huko Saza, ambako sasa ni Wilaya ya Songwe, ulijengwa mgodi mkubwa uliodumu hadi katikati ya miaka ya 1950. Mbozi nayo ilipata walowezi wa kahawa. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliiota kuwa njia ya kutoka Cape hadi Cairo, iliingia Tanganyika hapo Tunduma, ikapanda Mbeya, Iringa na Dodoma hadi Arusha. Ilikuwa ya udongo. Masika magari yalikwama, kiangazi yalitingishika hadi misumari ikalegea.

Ndipo ikaja Land Rover. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover ilitengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, na chuma kikabaki kwenye chesesi na kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Turubai lilifungwa juu ya vyuma vilivyopindwa, kioo cha mbele kililazwa juu ya boneti, na sehemu za juu za milango ziling'olewa kwa kufungua nati. Uamuzi huo wa mwaka 1948 unaeleza kwa nini Land Rover ya miaka sitini inaonekana nzima kwa mbali. Alumini haili kutu nyekundu. Kinachooza ni kile kilicho chini, ambacho macho ya mnunuzi hayakioni.

Kuhusu chuma, watu wa Mbozi hawakuwa wageni. Wanyiha waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru za udongo na kufua majembe muda mrefu kabla ya mkoloni, ufundi uliokufa pale majembe ya kiwandani yalipojaa madukani. Na kwenye mlima wa Marengi kipo Kimondo cha Mbozi, kilichoandikwa habari zake na wageni mara ya kwanza mwaka 1930, ambacho takriban asilimia 90 yake ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli. Hakuna mwaka unaojulikana wa kuanguka kwake, na bado kipo. Kwa wilaya yenye historia kama hiyo, fundi anayechomelea chesesi kando ya barabara anastahili kuhesabiwa katika ukoo wa wafua chuma.

Mwaka uliobadilisha kila kitu ni 1965. Novemba 11 mwaka huo, serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta na mizigo kupitia kusini, ikabanwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, mapipa yakirundikwa kwenye lolote lenye magurudumu. Madereva wa Kiingereza waliiita njia hiyo mbio za jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa Zambia-Tanzania Road Services, ikaleta malori ya Fiat. Tunduma, ambayo ilikuwa kituo kidogo cha mpakani, ikawa mahali pa kulala, kula, kubadilishana habari na, zaidi ya yote, kutengeneza magari.

Hapo ndipo ufundi wa magari wa Songwe ulipozaliwa. Lori likianguka kati ya Mbeya na Tunduma, halikupotea bure: springi, boriti, betri na bati zilipata kazi nyingine. Springi ya lori ikafungwa kwenye Land Rover, mbao zikawa mabenchi, turubai la lori likakatwa na kushonwa upya kufunika gari dogo. Ukiiona leo Land Rover ambayo turubai lake lina vishimo vya pete visivyolingana na ndoano za bodi, jua lilianza maisha yake kwingine.

Mbio hizo hazikudumu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa mwaka 1968. Lami ya barabara kuu ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa Julai 1976, ikipita Vwawa na Tunduma. Malori makubwa yakabaki na lami. Land Rover ikapewa sehemu iliyobaki, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote: njia za Ileje milimani, mteremko wa kwenda Kamsamba katika bonde la Rukwa, mashamba ya kahawa wakati wa mvua.

Kisha ikaja miaka ya ukata. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, na serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea mchana wa Jumapili bila kibali. Gari jipya halikupatikana kwa mwananchi wa kawaida. Aliyekuwa na Land Rover ya mwaka 1962 aliilea kama mgonjwa wa nyumbani. Na aliyetaka gari alisubiri mnada: idara ya serikali, shirika la umma au misheni ilipoondoa magari chakavu, watu walipanga foleni kununua kilichochoka. Nyingi ya Land Rover zilizobaki vijijini zilipita mlango huo. Ukikwangua rangi ya mlango taratibu kwa kucha, mara nyingi chini yake hujitokeza rangi nyingine, na chini ya hiyo kivuli cha herufi za idara iliyokuwa ikiimiliki.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikamiminika. Suzuki ndogo za turubai nazo zilikuja, zikapendwa na maofisa wa ugani na wauguzi wa miradi. Land Rover ilianza kupumzishwa. Hapakuwa na siku moja iliyotangazwa. Mwenye gari aliiegesha akisubiri kabureta, kabureta haikuja, na kuku wakapata pa kulala.

Tunduma ya leo ni mji wa magari yanayopita. Magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, kutoka bandari ya Dar es Salaam yanashuka kila siku kwenda Zambia na Kongo, mengine yakiwa hayajafikisha hata miaka kumi. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 5, 2019, na malori bado hupanga foleni ndefu. Anayetafuta gari la zamani hatalipata kwenye foleni hiyo. Inabidi aache lami, aulize wenye mashamba, wastaafu, makanisa na mafundi wenye mvi. Anayejua lilipo ni fundi, kwa sababu ndiye aliyelitengeneza mara ya mwisho.

Akilipata, kwanza alitambue. Taa za mbele zikiwa zimekaa karibu karibu ndani ya wavu wa chuma, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa zimesogea kwenye mabawa, ni la baadaye. Wavu wa plastiki ni wa toleo la tatu, lililoanza 1971. Akiliendesha atajua zaidi: matoleo ya kabla ya hapo hayaingii gia ya kwanza na ya pili kwa urahisi gari likiwa linatembea, na dereva hukanyaga klachi mara mbili kila anaposhusha. Mzee aliyezoea hufanya hivyo bila kelele hata moja. Kijana huisikia gia ikisaga hadi meno yake mwenyewe yanauma.

Halafu alale chini. Fundi mzuri huja na nyundo ndogo, akaigonga chesesi kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hunyamaza, nyundo huzama kidogo na unga mwekundu huanguka usoni. Sehemu za kutazama kwa makini ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba bodi, na pale dereva anapoweka miguu, ambapo maji ya turubai linalovuja hutuama. Pale alumini inapogusana na chuma huota unga mweupe. Hilo si jambo la kuogopesha sana. Uwanda wa Mbozi uko mbali na chumvi ya bahari na una miezi mirefu ya kiangazi, kwa hiyo gari lililozeeka huku huwa na chesesi bora kuliko lililozeekea Tanga au Lindi. Mvuto wa kuokota gari la wazi pembezoni mwa nchi uko hapo.

Injini isimtishe mnunuzi. Ile ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza 1958, huvuja oili na huendelea kufanya kazi. Starta ikigoma, huzungushwa kwa hendeli kupitia tundu la bampa. Zaidi ya injini, gari hukwamishwa na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Land Rover nyingi zilibadilishana mikono kwa maneno tu. Namba ya chesesi, ambayo hugongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia karibu na springi, lazima ilingane na kadi. Injini ikiwa imebadilishwa kuwa ya Kijapani, jambo la kawaida sana, kadi nayo iseme hivyo. Aliyeandikwa kwenye kadi akiwa amefariki, warithi wahusishwe kabla fedha hazijatoka mfukoni, mkataba ufanyike kwa wakili na umiliki uhamishwe TRA. Na gari lililovuka kutoka Nakonde bila nyaraka za forodha liachwe, hata likiwa zuri namna gani.

Arusha waliandaa tamasha la Land Rover Oktoba 2024, na watu walizipeleka kwa fahari kutoka mikoa mingi. Songwe, mkoa ulioundwa mwaka 2016, haina hata moja iliyowekwa mahali watoto wa shule wakaiona na kusimuliwa mapipa ya mafuta ya 1965 na mabenchi ya Kamsamba. Wakati huohuo wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini na mizani. Kituo cha Kimondo kinapokea wageni tayari, na nafasi ya gari moja haiwezi kukosekana hapo. Mwenye Land Rover ya turubai iliyolala shambani asiiuze kwa kilo: aandike namba yake ya chesesi na majina ya walioiendesha, kisha atafute kwanza mnunuzi atakayeirudisha barabarani, na asipompata aigongee hodi halmashauri yake.