Christian Okoye

Christian Okoye (amezaliwa Enugu, Nigeria, 16 Agosti 1961) ni mchezaji mstaafu wa futiboli ya Marekani, aliyekuwa mkimbiaji wa mpira wa Kansas City Chiefs kuanzia 1987 hadi 1992. Alisoma Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, California, alikokwenda kama mrusha kisahani. Futiboli aliianza akiwa mtu mzima, baada ya kuachwa nje ya kikosi cha Nigeria cha Olimpiki ya 1984.

Wapo wanaodai kwamba alibebwa na mwili wake tu, uliokuwa na kilo zipatazo 118. Dai hilo halitoshi, kwa kuwa ligi ya NFL imejaa wanaume wazito wasiofika popote na mpira mkononi. Mrusha kisahani hujizungusha ndani ya duara la upana wa meta 2.5, nguvu ikitoka nyayoni kupitia kiunoni. Ndiyo nguvu inayomwezesha mkimbiaji kusonga mbele hata anapong'ang'aniwa na walinzi wawili. Mwaka 1989 alipewa mpira mara 370, akakimbia yadi 1,480 na kuongoza ligi nzima. Bahati haidumu mara 370. Ni kweli kwamba alicheza misimu 6 tu, lakini ufupi huo ni gharama ya kazi yenyewe: kila mbio ilimalizikia kwenye mgongano, na mwili ukachakaa. Alistaafu akiwa na jumla ya yadi 4,897, na mwaka 2000 Chiefs walimwingiza katika ukumbi wao wa mashujaa.