Toka Redio Hadi Intaneti: Uraia wa Kidijitali Utazamwapo Kutoka Gikundamvura

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Gikundamvura, kata (au umurenge, kama isemwavyo huku) iliyomo katika wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, yuko mahali ambapo habari haingoji ruhusa ya mpaka. Ng'ambo ya mto Ruhwa ni Burundi. Ukilifuata bonde la Bugarama na kuuvuka mto Rusizi, umefika Kamanyola, nchini Kongo. Kiswahili huvuka pande zote tatu bila kuulizwa kitambulisho. Ndicho lugha ya sokoni, na siku hizi ndicho kilichomo katika ujumbe mwingi unaopokelewa kwenye simu za wazazi wa wanafunzi wetu. Kwa hiyo uraia wa kidijitali, yaani adabu, haki na wajibu wa mtu atumiaye mtandao, hauwezi kuachiwa mwalimu wa kompyuta peke yake.

Baadhi ya wenzetu hulihesabu jambo hili kuwa geni, lililoletwa na intaneti. Hatukubaliani nao. Mwezi Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda. Vijana waliipenda kwa muziki na mizaha yake, kwani ilisema lugha ya mtaani. Mwaka uliofuata, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyo hiyo ilikuwa ikitaja majina ya watu na mahali walipo ili wasakwe. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani waasisi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura; rufaa ya mwaka 2007 ikapunguza vifungo vyao. Lililohukumiwa pale halikuwa mitambo, bali maneno: nani aliyatamka, kwa nia gani, na yalitenda nini. Hayo ni maswali ya somo la lugha.

Kompyuta zilipoingia shuleni, maswali hayo hayakuingia pamoja nazo. Tangu mwaka 2008 watoto wa shule za msingi waligawiwa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mpango wa One Laptop per Child, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte wa Marekani. Hatimaye zilipita 200,000. Tunazikumbuka kwa furaha iliyochanganyika na uchungu kidogo. Umeme ulikuwa haujafika katika shule nyingi za vijijini, na mwalimu mwenyewe aghalabu alikuwa akikigusa chombo kile kwa mara ya kwanza. Tulifundishwa jinsi ya kukiwasha. Jinsi ya kukishuku hatukufundishwa.

Sera ya mwaka 2016 ikataka TEHAMA itumike katika masomo yote. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, masomo yakahamia mtandaoni. Lakini kwa mtoto wa kijijini ilikuwa ni redio, ile ile iliyowahi kubeba sumu, iliyomfikishia mwalimu nyumbani. Sheria nazo zilikuwa zikifuata: ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mtandao, ambayo yaadhibu hata uenezaji wa uvumi, na ya mwaka 2021 juu ya kulinda habari za mtu binafsi, itakayo idhini ya mzazi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16.

Uvumi! Neno hilo tunalo tangu zamani. Wenzetu wanaendelea kugombania kompyuta na tarakilishi (sisi tumeuchoka ugomvi huo, maana mtoto hasemi ila kompyuta), ilhali utajiri ulio karibu zaidi wauachwa. Habari, uvumi, uzushi, fitina, uchochezi: mwanafunzi awezaye kutenganisha maneno haya matano, akatoa mfano wa kila moja, amekwisha kuanza kuwa raia mwema wa mtandao. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Tusikifundishe kwa maamkizi na ngeli tu.

Mwezi Februari 2025, vita vilipoufikia mji wa Bukavu, mwanafunzi mmoja alitusimulia, akitetemeka, picha ya maiti aliyoiona katika simu ya mjomba wake. Maelezo yake ya Kiswahili yalidai kwamba ilipigwa Kamanyola asubuhi ile. Tulimwomba mjomba aturuhusu kuitazama, kisha tukaitafuta wenyewe mtandaoni kwa kompyuta ya shule, ambayo siku hiyo, kwa bahati, ilikuwa na intaneti. Ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka kadhaa nyuma, tena katika nchi nyingine kabisa. Darasani tukawauliza wanafunzi maelezo yale yaingie katika fungu lipi kati ya yale matano. Wakabishana kipindi kizima, kati ya uzushi na uchochezi. Mwenye mjomba hakushiriki. Mwishoni alinyosha mkono, akauliza tufanyeje, maana mjomba alikuwa amekwisha kuwapelekea watu arobaini.