Namba za Kwenye Kopo

Pikapu ya marehemu baba, Peugeot 504 ya mwaka 1984, ilipovuka kilomita 400,000 ilianza kuunguza oili na kutoa moshi wa buluu. Rafiki yangu akanishauri: "Tia SAE 50, ile nzito. Moshi utapungua, uiuze upesi."

Herufi hizo zina historia. SAE ni chama cha wahandisi wa magari kilichoundwa Marekani mwaka 1905. Mwaka 1911 kilianza kuzipanga oili kwa uzito wake. Zamani hizo, dereva wa nchi za baridi alibadili oili kwa majira. Miaka ya 1950 zikaenea za namba mbili. 20W-50, kwa mfano, hutiririka upesi kuliko SAE 50 injini ikiwa baridi, wala haiwi maji ikipata moto. Asubuhi za kwetu Njombe, ile nzito huchelewa kupanda, chuma kikasagana na chuma.

Namba ziliwekwa kulinda injini, si kuficha uchakavu wake. Nilitia 20W-50, nikamwonyesha mnunuzi moshi. Alipunguza bei, akanunua. Fedha nilikosa, jina la baba sikuliuza.