Barua ya kwenda Lodwar: Tulivyoisoma Katiba kwa kalamu

“Mwalimu, kwani ni posta gani hupeleka barua mwaka wa 1962?”

Swali hilo niliulizwa na mvulana wa Gredi ya Saba katika shule moja nje kidogo ya mji wa Nakuru. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Rafiki yangu anayefunza Kiswahili pale alikuwa ameniomba nimsaidie kwa vipindi vinne. Wanafunzi wake walikuwa wamekariri kwamba Katiba ya Kenya ina sura 18 na vifungu 264, kwamba ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki pale Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010. Ukiwauliza ilitoka wapi, basi. Kimya.

Tukaamua waandike barua. Kila mmoja achague mtu aliyehusika na safari ya Katiba, amwandikie akiwa palepale alipokuwa, siku ileile. Sharti lilikuwa moja tu: anwani na tarehe ziwe sahihi.

Sharti hilo lilionekana dogo, lakini ndilo lililofanya kazi yote. Wengi walikimbilia Mzee Jomo Kenyatta. Mvulana mmoja alimwandikia Lancaster House, London, Februari 1960, akimpongeza kwa kumkemea Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Barua tamu kweli, yenye methali za kila aina. Nikamwuliza, “Una hakika Mzee alikuwa London?” Akarudi vitabuni. Keshoye akaja na uso wa mtu aliyeibiwa: Februari 1960 Kenyatta alikuwa kizuizini Lodwar, na aliachiliwa Agosti 1961. Aliyeongoza wajumbe Waafrika mwaka ule alikuwa Ronald Ngala, Tom Mboya akiwa katibu wao. Barua ikabidi ibadilishwe anwani. Ikaenda Lodwar, na ilipobadilika anwani ikabadilika maneno pia. Badala ya pongezi, kijana akaanza kumweleza mfungwa yanayosemwa mbali naye, akimwuliza kama anaogopa kwamba nchi itapangwa bila yeye.

Hapo nikaamini kwamba barua hufunza historia kwa namna ambayo muhtasari ubaoni hauwezi. Mtu unayemwandikia anajua mambo fulani na mengine hayajui. Huwezi kumwambia mtu wa 1960 habari za 2010 kama kwamba alikuwepo.

Niseme pia lililonikera. Barua hamsini, na karibu zote zilianza kwa “natumai u buheri wa afya kama mimi nilivyo” na “pokea salamu sufufu kama mchanga wa pwani”. Hata ile ya kumwandikia mfungwa! Tumewalisha watoto wetu misemo ya mtihani mpaka hawaoni kwamba kumwuliza mtu aliyefungiwa jangwani kama yu buheri wa afya ni kumkejeli. Tulitumia nusu kipindi tukiondoa salamu hizo. Rafiki yangu hakufurahia, akidai ndizo zinazoleta alama. Huenda ni kweli.

Yalikuwepo makongamano matatu ya Lancaster: 1960, 1962 na 1963. La pili ndilo lililokuwa na mvutano mkali. KADU ya kina Ngala ilitaka majimbo yenye nguvu ili jamii ndogo zisimezwe, KANU ikataka serikali kuu imara. Kwenye kongamano hilo alikuwepo Priscilla Abwao, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Wasichana walipopata jina lake hawakumwachilia tena. Kulizuka ubishi mkali: je, aandikiwe barua rasmi, yenye anwani mbili na “MINT”, au ya kirafiki? Mmoja alikata shauri kwa kusema, “Huyu ni kama nyanya. Nyanya haandikiwi mintarafu.” Akaanza kwa shikamoo.

Barua yake ilikuwa na jambo zito. Alikuwa amegundua kwamba chini ya Katiba ya uhuru, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kupitia kwa baba yake. Mama hakuhesabiwa. Shangazi yake alijifungua nchi ya jirani, na mtoto akatambuliwa kuwa Mkenya, maana Kifungu cha 14 kinatosheka mzazi mmoja akiwa raia, baba au mama. Akamwuliza Bi Abwao: “Mlipokuwa mkijadili uraia, kuna aliyekuuliza unafikiria nini?” Mimi pia ningependa kulisikia jibu lake.

Tuliziweka katiba mbili mezani, tukauliza nani anasema. Ile ya 1963 ilikuwa jedwali lililoambatishwa kwenye amri ya Malkia wa Uingereza na baraza lake. Ya 2010 inaanza kwa neno “sisi”. Hapo katikati tulipita haraka kidogo: majimbo kunyang’anywa mamlaka muda mfupi baada ya uhuru, Seneti kuvunjwa 1966, chama kimoja kuwa sheria mwaka 1982, kifungu hicho kufutwa 1991, kisha tume ya Profesa Yash Pal Ghai kuzunguka nchini ikipokea maoni. Watoto walipenda sana kura ya maamuzi ya 2005, eti wazazi wao walipigia matunda. Nikawaeleza kwamba ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa La, na chungwa likashinda. Mwaka 2010 ishara zikawa rangi, na tarehe 4 Agosti kijani kikashinda nyekundu kwa takriban asilimia 67.

Nikawaonyesha pia kwamba katiba, kitabu, katibu na maktaba ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Jambo hilo liliwavutia kuliko nilivyotarajia. Mmoja akasema, “Kumbe Katiba ni barua tu.” Sikumkosoa, ingawa barua haimfungi anayeipokea, na Katiba humfunga hata asiyeisoma.

Kipindi cha mwisho waliruhusiwa kumwandikia yeyote, wa zamani au wa leo. Mvulana aliyekuwa kimya wiki nzima alikiandikia Kifungu cha 53 chenyewe, kile cha haki za watoto. Alikiambia kwamba kinaahidi elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lakini muhula uliopita alikaa nyumbani siku tisa kwa sababu ya pesa. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, “Siku zile tisa, wewe ulikuwa wapi?” Rafiki yangu aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni. Hatukuisoma mbele ya darasa.

Barua iliyonikalia moyoni, labda kwa kuwa kazi yangu ni lugha, ilikuwa ya msichana aliyewaandikia walioandaa Katiba ya 2010. Alianza kwa kuwashukuru kwa Kifungu cha 7, kinachokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kisha akafika Kifungu cha 259, kinachosema kwamba matoleo ya lugha tofauti yakigongana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Nyanya yake, alisema, alisomewa rasimu kwa Kiswahili kanisani, akaielewa, akaenda kupiga kura ya kijani. Kiingereza hajui.

“Sasa tuseme hizo mbili zikigongana,” aliandika, “nyanya yangu alipitisha ipi?”

Wanasheria watasema lazima toleo moja liwe na usemi wa mwisho, la sivyo mahakama zitakwama, na hoja hiyo naielewa. Lakini jaribu kumweleza mtoto wa miaka kumi na miwili kwa nini toleo hilo haliwezi kuwa lile ambalo nyanya yake alilisikia. Nilijaribu siku hiyo, kwa dakika kumi nzima, na nilipomaliza alinitazama kwa adabu akaniambia, “Sawa, mwalimu, lakini hiyo barua sijakuandikia wewe.”

Chini ya jina lake alikuwa ameongeza mstari mmoja, akiomba ajibiwe kwa Kiswahili.